Kahawa Yetu na Majira Yanayogeuka: Habari za Wakulima wa Kilimanjaro Tangu Zamani Hata Leo

Muungano wetu wa vyama vya msingi umetimiza miaka 10, na Halmashauri imeona yafaa kitabu hiki kiwe na habari za mambo yaliyopita, kisiwe cha picha za viongozi na hesabu za mauzo tu. Sisi tuliopewa kazi hiyo tumechagua kuandika juu ya hali ya hewa. Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu, maana historia ya ushirika kwa kawaida husimulia bei, mizani na uchaguzi. Lakini siku hizi mkutano mkuu haumaliziki bila mwanachama kuinuka na kuuliza: "Mvua hazijulikani tena, jua limezidi ukali, na mikahawa haizai kama ya baba zetu. Kwa nini tusiing'oe?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye ushahidi. Twaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya mlima wenyewe. Kila mara majira au maradhi yalipoitikisa kahawa yetu, dawa iliyofaa ilikuwa ile iliyotumiwa na majirani wote pamoja. Na kila mtu alipoachiwa ajitafutie dawa peke yake, kahawa ilirudi nyuma.

KIHAMBA NA MFONGO

Kabla kahawa haijaja, wazee wetu walikuwa wamekwisha kujifunza kuishi na jua na mvua za mlima huu. Elimu yao waliiweka katika mambo mawili, kihamba na mfongo.

Kihamba si shamba la mmea mmoja. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mruka na mringaringa. Chini yake ni migomba, na chini ya migomba huota magimbi, maharage na majani ya kulisha ng'ombe na mbuzi waliofungwa zizini. Samadi ya zizi hurudi kwenye mgomba, na majani ya mgomba hurudi kwa mnyama au hutandikwa chini kuhifadhi unyevu. Mruka ni wa jamii ya kunde, nao huirutubisha ardhi. Masale huonyesha mpaka wa jirani na jirani. Kwa mpango huo kipande kidogo cha ardhi kiliweza kulisha nyumba nzima, na jua halikupata nafasi ya kuikausha ardhi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa ulimwengu.

Mfongo ni mfereji utokao mtoni, kule juu bondeni, ukapita kando ya mlima mpaka vihambani. Wageni wa Ulaya waliofika hapa katika karne ya 19 waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi, wakastaajabia jinsi ilivyochimbwa bila vyombo vya kupimia. Sisi twastaajabia zaidi sheria zake. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake na zamu zake za maji. Siku ya kuusafisha, kila nyumba iliyokunywa maji yake ilitoa mtu na jembe, na asiyetokea alitozwa faini au alikosa zamu. Huo ulikuwa ushirika kamili, ingawa haukuwa na muhuri wala daftari.

KAHAWA YAINGIA MLIMANI

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misioni yao ya Kilema, na kutoka misioni mbegu zikaenea kwa wakulima. Kahawa hiyo ni Arabika, ambayo asili yake ni misitu ya milimani ya Ethiopia, mahali inapoota chini ya miti mikubwa. Hupenda joto la wastani, kama digrii 18 hadi 22, na kivuli cha kiasi. Basi haikuwa ajabu kwamba ilipoletwa Kilimanjaro iliingia kihambani kama mtoto aliyerudi nyumbani. Wazee hawakuhitaji kufyeka migomba ili kuipanda. Waliiweka katikati yake, na kahawa ikapata kivuli na samadi ambavyo hakuna aliyeviandaa kwa ajili yake.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya shida ya kwanza. Walowezi waliolima mashamba makubwa walilalamika kwamba kahawa ya Wachaga itazaa wadudu na magonjwa yatakayoambukiza mashamba yao, nao wakataka wenyeji wazuiwe kuipanda. Wakulima wetu walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 walianzisha chama kilichojulikana kwa herufi KNPA, na Joseph Merinyo akawa mmoja wa viongozi wake wa kwanza. Chama hicho kilikuwa na kazi ya kuuza kahawa, na pia kazi ya kupigana na wadudu kwa dawa na mabomba ya kunyunyizia. Tungependa vijana wetu walikumbuke jambo hilo. Ushirika wa kahawa katika mlima huu haukuzaliwa kwa ajili ya bei peke yake. Ulizaliwa pia kwa sababu mdudu hajui mpaka wa masale, na mkulima mmoja hawezi kumshinda ikiwa jirani yake amelala.

Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, KNPA ilifuatwa na KNCU mwaka 1933. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungu. Tangu hapo mkulima wa mlimani alikuwa na nguzo mbili za kuegemea, chama cha kumuuzia kahawa na kituo cha kumchunguzia mimea.

MIAKA YA CHULEBUNI

Mwaka 1964 ugonjwa wa chulebuni ulionekana katika kahawa ya nchi yetu, baada ya kujulikana Kenya tangu mwaka 1922. Chulebuni ni ukungu unaoshambulia tunda lingali bichi, likapata madoa meusi yaliyobonyea, likakauka au kuanguka. Hustawi penye baridi na unyevu mwingi, na kwa sababu hiyo vihamba vya juu, vilivyodhaniwa kuwa bora kuliko vyote, ndivyo vilivyoumia zaidi. Pamoja nao kulikuwapo ugonjwa wa kutu ya majani, ambao hupenda joto zaidi na kwa hiyo husumbua zaidi sehemu za chini. Ndugu mkulima, shika habari hii ya kutu na joto, maana tutairudia.

Dawa za shaba zilinyunyizwa, nazo zilifaa maadamu ziliwafikia watu wote kwa wakati mmoja. Lakini mambo ya ushirika hayakutulia. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu tena, na KNCU ikaanza upya mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wako waliofurahia kulipwa papo hapo, nasi hatuwalaumu, kwani mwenye njaa hangoji malipo ya pili. Ila pembejeo, ambazo zamani zilikopeshwa kwa njia ya chama, sasa zilipaswa kununuliwa kwa fedha taslimu. Wakulima wengi waliacha kunyunyiza. Mikahawa ilizeeka bila kupandwa mingine, na vijana wakaona kwamba kahawa ni kazi ya wazee.

Nuru ilitoka Lyamungu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iitwayo TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001, na mwaka 2005 aina mpya za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zilitolewa kwa wakulima. Mti ambao mababa zetu waliutamani kwa miaka 40, mti usiohitaji kunyunyizwa dawa ya chulebuni, sasa ulikuwapo. Lililobaki lilikuwa kuuzidisha, kuufikisha vihambani na kuutunza mpaka uzae.

JOTO LAPANDA MLIMA

Kabla kazi hiyo haijaenea vya kutosha, jambo jingine limetufikia, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ndilo liitwalo mabadiliko ya tabianchi. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ambayo mataifa yenye viwanda yameyachoma kwa muda mrefu, umeikusanyia dunia joto, na mkulima wa ekari moja ambaye hakuchangia ila chembe ndogo amekuwa miongoni mwa walipaji wa kwanza.

Watu wengi hutazama Kibo na kuhuzunika kwa barafu inayokwisha. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza sehemu 85 hivi katika kila 100 za barafu yake. Lakini twapenda kusahihisha dhana moja. Maji ya mifongo yetu hayategemei sana barafu hiyo. Yatoka katika msitu, ambao hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote za mlima, na ambao hunasa hata ukungu na kuugeuza kuwa matone. Kwa hiyo msitu unapoungua hasara yake hushuka mpaka kihambani. Oktoba 2020 moto mkubwa uliunguza sehemu za juu za mlima, nao haukuwa wa kwanza.

Hasara iliyo karibu zaidi na mfuko wa mkulima ni ile ya joto la usiku. Watafiti waliotoa taarifa yao mwaka 2015, baada ya kuchunguza hesabu za kahawa ya Arabika ya Tanzania tangu miaka ya 1960, walieleza kwamba kila digrii 1 inayoongezeka katika joto la usiku hupunguza mavuno kwa kilo zipatazo 137 kwa hektari, yaani kama kilo 55 kwa ekari. Kwa mtu mwenye ekari moja, hizo ndizo ada za shule. Sababu yake si ngumu kufahamu. Mti hutengeneza chakula chake mchana na hutumia sehemu yake usiku. Usiku ukiwa wa joto hutumia zaidi, na punje hubakiwa na kidogo.

Mvua nazo zimevurugika. Kahawa huchanua inaponyeshewa baada ya kiangazi. Mvua za vuli zikija vipande vipande, mti huchanua mara kadha wa kadha, na matunda huiva kwa makundi. Mchumaji hulazimika kupita shamba hilo hilo mara nyingi, akiokota kidogo kila siku, na karani wa chama hufungua mizani kwa ajili ya debe moja moja. Ubora hupungua na gharama huongezeka.

Tena kuna ruhuka, mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa na kutaga mayai ndani ya punje. Ruhuka hupenda joto, na zamani hakuwasumbua sana wakulima wa juu. Taarifa ya watafiti ya mwaka 2011 ilieleza kwamba katika mlima huu ameonekana mita 300 juu zaidi ya mahali alipokuwa akiishia miaka 10 kabla yake. Na ile kutu ya majani, ambayo tulisema hupenda joto, nayo ina njia hiyo hiyo ya kupandia.

Wako wanaosema: "Basi na sisi tupande juu, tuifuate baridi." Hesabu yao ni rahisi. Kwa kawaida ukipanda mita 1000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Basi ili kuipata tena baridi iliyopotea kwa digrii 1 yakupasa kupanda mita 160 au zaidi. Lakini twende wapi? Juu ya kihamba cha mwisho kuna ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941, na juu yake ni msitu, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa. Hata kama tungeruhusiwa kuufyeka tungekuwa tumejikatia maji kwa mkono wetu wenyewe. Wadudu waweza kuhama. Sisi hatuwezi. Yatupasa kuishi na joto hapa hapa tulipo.

YALIYOTENDEKA KATIKA MIAKA KUMI

Vyama vyetu vimejaribu mambo kadhaa katika miaka hii 10, nasi twayaandika ili wajao wapate pa kuanzia.

La kwanza ni kivuli. Palikuwa na kipindi ambapo bei ya mbao iliwashawishi wengi kuangusha miruka na miringaringa. Wengine walifanya hivyo kwa shida za kweli, ugonjwa au ada. Mahali miti ilipoondoka jua liliingia moja kwa moja na majani ya kahawa yakageuka manjano. Vyama vyetu vimeanza tena kupanda miti ya kivuli. Tumejifunza pia kwamba kivuli kikizidi ni hasara, kwa kuwa unyevu usiopata hewa hukaribisha ukungu. Mti wa kivuli hupogolewa kama mkahawa unavyopogolewa.

La pili ni matandazo. Majani makavu ya migomba na nyasi zikitandazwa shinani, mbali kidogo na shina lenyewe, huifunika ardhi na kuizuia isikauke upesi. Kazi hiyo haina gharama ya fedha. Ina gharama ya mikono, na hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo mikutano yetu hulipita kimya. Katika daftari mwanachama ni baba, lakini mwenye jembe mara nyingi ni mama. Mafunzo yakitolewa kwa walioandikwa daftarini peke yao, hufika kilabuni kwenye mbege kabla ya kufika kihambani. Vyama vilivyowaita akina mama na vijana kwenye mafunzo ndivyo ambavyo matandazo yanaonekana kwa macho.

La tatu ni miche. Vitalu vyetu hutoa miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu. Lakini mche mpya si hirizi. Ukipandwa katika shimo lisilo na samadi na kuachwa bila maji katika kiangazi chake cha kwanza, hufa kama mche mwingine wowote. Kwa hiyo kitalu na mfongo ni kazi moja. Mahali mfongo uliposafishwa, miche ilishika. Mahali mfongo ulipoachwa ukajaa udongo, kila mtu akawa anangoja jirani yake aanze, na miche ilikauka mikononi mwa wenyewe.

La nne ni kuokota. Ruhuka hujificha katika matunda yaliyosalia mtini na yaliyoanguka chini baada ya mavuno, akingoja msimu ujao. Njia ya kumwangamiza ni kuyakusanya yote na kuyaharibu. Kihamba kimoja kikisafishwa na kumi vikaachwa, ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Hapa tumerudi pale pale walipokuwa waanzilishi wa mwaka 1925.

NENO LA UKWELI KWA WALIO CHINI

Ingekuwa udanganyifu kuwaambia wanachama wote kwamba kahawa yao itasimama. Wako wenzetu wa sehemu za chini, karibu na mita 1000, ambao kivuli na matandazo huenda visitoshe kwao kwa miaka mingi ijayo. Hao tusiwahimize kutumia akiba yao kupanda kahawa upya mahali ambapo joto limekwisha kupita kiasi. Waitunze iliyopo maadamu yalipa, na waongeze migomba, maparachichi na mazao mengine yanayostahimili. Wala wasitolewe katika vyama. Muungano huu ulijengwa kwa michango yao pia, na chama kinachomtupa mwanachama kwa sababu shamba lake limekuwa na joto kimesahau kazi yake.

Kwa walio kati na juu jibu letu ni jingine. Msing'oe. Shamba la kahawa likifyekwa na kulimwa mahindi, mteremko hubaki wazi kwa jua na mvua kubwa, na udongo uliojengwa na vizazi vingi huenda na maji. Kihamba hakijengwi tena kwa msimu mmoja.

YALIYO MBELE YETU

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu wanachama wataombwa kuamua mambo matatu. Kwanza, makato madogo katika kila kilo yatengwe kwa ajili ya vitalu na miti ya kivuli, yasichanganywe na fedha za uendeshaji, na hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka. Pili, kila chama cha msingi kitaje siku zake za kusafisha mfongo na siku zake za kuokota matunda yaliyosalia, siku hizo ziwe moja kwa kijiji kizima. Tatu, mke au kijana anayelima kihamba aweze kuandikwa mwanachama pamoja na mwenye jina la zamani, ili anayefanya kazi awe pia na sauti.

Twajua makato hayapendwi. Nasi tuliokaa mezani siku ya malipo twaziona nyuso za watu wanapohesabu. Wako watakaosema kwamba shilingi iliyo mkononi ni bora kuliko mruka utakaotoa kivuli miaka mingi ijayo. Hoja hiyo isidharauliwe, maana mahitaji ya nyumbani hayangoji. Lakini na tufikiri: mifongo tunayoitumia haikuchimbwa na sisi, wala miti mikubwa inayokifunika kihamba haikupandwa na sisi. Walioifanya kazi hiyo nao walikuwa na njaa zao na ada zao za namna nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumeuona sote.

Halmashauri itasoma maazimio hayo katika kila chama kabla ya mkutano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, ili mtu asije akapiga kura kwa jambo asilolielewa. Twawaomba wanachama wote, akina baba, akina mama na vijana, waje wakiwa wamekwisha kuyajadili nyumbani. Mungu aubariki Muungano wetu, na mvua za vuli zinyeshe kwa kiasi.